Kilio Chako Nimekipeleka Jukwaani

Kwako dada Akoth,

Sijawahi kumwambia mtu, hata Mama, kwa nini siku tuliyokuzika sikulia. Akina shangazi walikuja wakikimbia kutoka langoni, mikono kichwani, wakiliita jina lako, na mimi nilisimama kando ya tangi la maji nimefunga mdomo. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu wa shule ya wazungu, hata machozi ameyaacha huko?" Nilikuwa nayo, dada. Niliona tu haya mbele ya watu. Unanijua.

Wazee wakasema msichana ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma, ukalazwa nje ya ua, upande wa migomba. Nilitaka kusema hapana. Hilo pia nikalimeza.

Unakumbuka nilivyojiunga na drama? Hapa shuleni lazima kila mwanafunzi awe na klabu. Wenzangu, watoto wa madaktari wa kigeni na wenye hoteli za kando ya ziwa, walikimbilia kuogelea na gitaa. Mimi, niliyeingia hapa kwa sababu Mama anapika jikoni, nikachagua drama kwa kuwa niliambiwa kuna kazi ya kuvuta pazia. Nilipokuja likizo nyumbani Oyugis ulicheka hadi ukakaa chini. "Yaani umeenda international kusomea pazia?" Kisha ukaning'iniza shuka lako la maua kwenye kamba ya nguo, ukanifanyisha mazoezi. Wewe ulikuwa malkia, mlevi, mwalimu mkuu. Mimi nikivuta. "Polepole, wewe! Bado naringa!"

Muhula huu, miezi michache baada yako, tunaigiza mchezo wa mama aliyefiwa na mtoto. Msichana aliyepewa nafasi hiyo alikuwa analia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Miss Helen, mwalimu wa drama, akasema basi kila mtu ajaribu, hata mimi wa pazia. Nikatikisa kichwa. "Sawa, lia huko huko nyuma," akasema. "Hatukuoni."

Nikajifunika pazia. Nikakumbuka shuka lako, na sauti ikatoka, sijui kutoka wapi. "Uwi! Akoth nyamera, dada yangu, umeniacha na nani?"

Nilipotoka uso umelowa, wakanipigia makofi. Dada, walinipigia makofi. Nikapewa nafasi ya yule mama.

"Usikipoteze kilio hicho," Miss Helen akaniambia. "Kumbuka umekitoa wapi, urudi pale pale kila siku. Ila jina ubadilishe. Mtoto kwenye mchezo ni Petro."

Nikawa narudi pale pale. Mwanzoni nilikukuta, unaringa nyuma ya shuka. Baadaye nikawa nakuta shuka tu. Sasa sikuti kitu, lakini sauti inatoka: navuta pumzi, mabega chini, mkono kichwani, "Uwi! Petro!" Siku hizi nalia vizuri sana. Kila mtu anasema.

Likizo fupi ya katikati ya muhula nilienda peke yangu kwenye kaburi lako. Hakukuwa na mtu, ng'ombe wa jirani tu. Nikasema leo hakuna wa kuniangalia, leo nitamlilia dada. Nikavuta pumzi. Mabega yakashuka yenyewe. Mkono ukaenda kichwani. Na jina lililonitoka mdomoni lilikuwa la Petro.

Nikarudi nyumbani nikaosha vyombo.

Sina kingine cha kukupa. Kilio kilikuwa hicho kimoja na nimekimaliza kwa mtoto ambaye hajawahi kuzaliwa.

Kesho ndiyo onyesho. Mama amewekewa kiti mbele, wapishi wenzake watamshikia zamu. Tangu tukuzike huwa ananitazama usoni akitafuta kitu, halafu haulizi. Kesho atakisikia, chote, kikiwa na jina la Petro. Nitasimama pale juu nikimwona anavyosikiliza. Kumwambia siwezi. Kukataa siwezi, hakuna mwingine anayejua maneno yote ya yule mama.

Nimeacha kuandika kidogo, hapa chumbani kwetu kwenye nyumba za wafanyakazi, nikajaribu tena. Safari hii kwa jina lako. Nilidhani jina litakurudisha. Limetoka vizuri, dada, mahali pote panapotakiwa, na ndani yangu hakuna kitu kilichosogea. Nimepaza sauti kupita nilivyotaka.

Mama amesikia. Kumbe ametoka jikoni mapema. Patipati zake hizo zinapiga sakafu ya veranda, anakimbia, na miguu yake ile mibovu. "Adhiambo! Lia, nyathina! Lia mtoto wangu, lia tu, nakuja!"

Hajawahi kuniita kwa sauti hiyo tangu ufe. Ni kama amefurahi.

Karatasi naiweka chini ya godoro. Uso sijui niuweke vipi. Kwaheri, dada.

Mdogo wako wa pazia