Kwa Nahodha wa Kitale

Baba,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu mke wangu Nekesa amejifungua mtoto wa kiume, na dada yako, Senge Nafula, alitaka tumpe jina lako. Heri habari hii uisikie kwangu, si kwa watu.

Tangu tukuzike hapa Misikhu mwaka jana, mengi yamebadilika. Mama amekata ile mikaratusi uliyokataza isiguswe. Redio inaimba mchana kutwa. Wakati wa kula kila mtu anaongea, na mwanzoni tulishtushwa na kelele zetu wenyewe. Mimi bado nina duka la mbegu na mbolea kule Kibabii, ila kuna maneno siyavumilii. Mwenyekiti wa chama chetu akisema mipango imeenda mrama, au tung'oe nanga tuanze mradi mpya, mgongo unaniwasha. Wenzangu wanayasema tu, hawana habari kwamba ni maneno ya mabaharia. Mimi ninayo. Niliyajifunza kwa fimbo yako.

Ulifundisha Kiswahili Kitale miaka yote hiyo, katikati ya baridi na mahindi, na bahari hukuwahi kuitia machoni. Maneno yake uliyatoa kwenye orodha za mitihani ukayafanya sheria ya nyumba. Wewe nahodha, sisi mabaharia. Kuamka ni kutweka tanga, kulala ni kutia nanga. Wageni walicheka wakakuita Nahodha, nawe ukavimba kichwa. Sisi hatukucheka.

Nilikuwa darasa la sita uliponisimamisha uniulize ule mti unaobeba tanga kwenye mlingoti unaitwaje. Nikasahau. Foromali, Baba. Sijalisahau tena. Ulinichapa mpaka msichana wa dawati la mbele akalia, kisha nyumbani ukaamuru nilale njaa. Mama akaniletea ugali na mrenda. Wala hukuinua sauti. Ulimwambia tu, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Akairudisha sahani jikoni. Methali nzuri ile, na wewe uliigeuza kufuli. Kila Mama alipofungua mdomo kuhusu shamba, kuhusu shule, kuhusu sisi watoto wake, ulimfunga nayo.

Kuna neno moja la chomboni hukutufundisha, nimelisoma ukubwani: kufua maji. Ni kuteka maji yanayovuja ndani na kuyamwaga nje, chombo kisizame. Anayeifanya kazi hiyo hainui kichwa na hasifiwi. Miaka yote hiyo aliyekuwa akifua maji katika nyumba yako ni Mama. Uliwahi kumwona?

Sitasema uongo, ulikuwa na siku zako. Mvua iliponyesha pale Kitale ulichukua ganda la muhindi, ukalisimamishia kijiti na jani, ukaliweka kwenye mtaro. Ulinishika mkono tukalifuata mbio mpaka sokoni, ukinieleza jinsi chombo kinavyokwenda bisho, kushindana na upepo. Ulikuwa umelowa chapachapa na unacheka. Nilikupenda sana siku ile. Nadhani ndiyo maana nina hasira hivi, kwa sababu uliweza, na hukutaka.

Sasa sikia habari ya jina. Unaijua desturi yetu: mtoto akilia, majina ya waliotangulia yanatajwa moja moja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Asubuhi ile mwanangu alikuwa analia kweli kweli. Senge alianza na wazee wa zamani, akaja chini, akaja chini. Aliyekufa mwisho ni wewe, kwa hiyo nilijua unakuja. Akamtaja ndugu yako mdogo, marehemu Barasa, yule mchoma makaa aliyenificha kwake kila nilipokukimbia. Mtoto akazidi kulia. Senge akavuta pumzi akutaje wewe.

Mama akamwinamia Nekesa. "Si umnyonyeshe," akasema.

Nekesa akamnyonyesha. Kimya.

Senge akamtazama Mama. "Ati amenyamaza, ama amenyamazishwa?"

"Amemkubali Barasa," Mama akasema, na akaenda kupika chai. Hakuna aliyebishana naye. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, mtu mzima na ndevu zangu.

Kwa hiyo jina lako limebaki huko kaburini, Baba. Nakuahidi Barasa hatapigwa kwa neno asilolijua. Akiniuliza babu yake alikuwa nani, nitamwambia alikuwa mwalimu hodari, kisha nitamwambia kwa nini hakupewa jina lake. Sitamficha la kwanza wala la pili.

Kwaheri. Kabla ya kufunga barua nimemuuliza Mama kama ana salamu zozote kwako. Amesema hana.

Mwanao,
Wafula