Salamu Unazonitumia kwa Wanafunzi

Yaya, dada yangu mkubwa mpendwa,

Leo asubuhi umenitoa tena jikoni. Mwanafunzi mmoja mgeni alikuwa anapita nyuma ya nyumba yetu, hana waya za masikioni, simu inapiga kelele mkononi, na sauti yako ikaingia mpaka kwenye moto: "Shuka pole pole, iko mawe hapa." Niliacha ugali nikatoka mbio. Nilijua si wewe. Basi mbio zilikuwa za nini?

Unakumbuka siku tulipoirekodi safari hiyo ya mjini ndani ya simu yako? Ulikuwa unasoma historia pale chuo kikuu, na ulishachoka kuwazungusha wanafunzi wageni mjini kila mwaka. "Nitaweka muji wote mu telefone," ulisema, "kila mutu ajitembeze." Nikakucheka. Mimi nilishika mwavuli, wewe ulishika simu mdomoni kama mtu anayeguguna hindi. Tulianzia langoni mwa chuo, tukapita nyumba za matofali za wakati wa Wabelgiji, tukapita msikiti, tukateremka hadi kwenye ule ukuta mkongwe. Wewe unasema ulikuwa wa wafanyabiashara wa watumwa. Babu alisema ni zizi la mbuzi tu. Mpaka leo sijui nimwamini nani.

Tatizo lilikuwa adabu zako. Hapa kwetu Kasongo hupiti mbele ya mtu mzima bila kumsalimia, na wewe ulizidisha. Katikati ya habari za Waarabu na Wabelgiji unakatiza: "Jambo mama, mumeamuka? Na batoto?" Muuza mihogo wa pale kwenye kona akajibu, mkaulizana habari za shamba, za mafua, za mbuzi aliyepotea. Nikakuambia tufute, turudie. Ulinitazama kama nimekutukana. "Unapita tu mbele ya mutu? Uko muti?"

Haikufutwa. Muuza mihogo alishahamia Nyangwe kwa binti yake, lakini wanafunzi bado wanasimama pale kwenye kona tupu, wanangoja mmalize kusalimiana. Wengine wanaitikia kwa sauti, na wapita njia wanawashangaa.

Na kule mwisho, tulipofika kwenye lupango letu, hapa kiwanjani kwetu, ulicheka ukasema ndani ya simu: "Safari imeisha. Sasa mupige hodi hapa, munisalimie mudogo wangu. Atawapa maji." Ulikuwa utani. Lakini rekodi ilitoka simu hii ikaenda ile, na watu wakatii. Tangu wakati huo wageni wanapiga hodi kwangu: "Yaya anakusalimia." Nami nawapa maji.

Kisha ukaenda Lusangi kuwauzia vitenge wachimba dhahabu, upate pesa ya kumalizia masomo. Ulisema utarudi kabla ya mvua. Mvua ikaja, ikaisha, ikaja tena. Dereva mmoja wa pikipiki anasema alikuona Wamaza, umenenepa, una mume mfanyabiashara. Mchimbaji mmoja anaapa kwamba kibanda chako kilikuwa kando ya shimo lililoporomoka. Mama anamwamini yule wa kwanza asubuhi, na wa pili jua likizama. Mimi nawaamini wote wawili, na sielewi hilo linawezekanaje. Nakukasirikia kwa kuolewa bila kutuaga, halafu nakulilia, yote hayo kabla mboga ya sombe haijapoa kwenye sahani.

Baba mkubwa amechoka kutuona hivi. Amesema Jumamosi watakata mgomba, wauvishe kitenge chako, wauzike mahali pako, tukae matanga kama watu wengine, mama apumzike. Kitenge hicho, kile cha kijani, kiko sandukuni kwangu, kwa hiyo bila mimi hakuna mazishi. Akaniambia na neno jingine: "Salamu ya marehemu haipokelewi, mutoto wangu. Wanafunzi wakikuya, uwakatalie." Si mtu mbaya. Mama hali, halali, na mimi si bora kuliko mama. Labda mgomba ukishafukiwa tutapona. Labda. Lakini nitakaaje matangani mwako huku unawaelekeza watu njia upande wa pili wa ukuta wa nyumba?

Yule mwanafunzi wa asubuhi alinikuta langoni, nimesimama na mwiko mkononi. Akazima simu kwa heshima. "Dada, Yaya anakusalimia."

Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya baba mkubwa. Yakatoka yale tuliyolelewa nayo.

"Zimefika," nikasema. "Umemwacha mzima?"

Maskini, akaangalia simu, akaniangalia mimi. Hajui lolote kuhusu sisi.

"Muzima, dada," akajibu. "Anaongea muzuri kabisa."

Nimempa maji, akanywa, akaenda zake. Nimekaa chini pale pale, nimelia, na katikati ya kilio nimejikuta nacheka, kisha sikujua tena ni kipi kati ya hivyo viwili. Ugali umeungua. Mama ameuliza kuna nini, nikamwambia moshi.

Sijui kama ninalolifanya ni upendo au ukaidi. Nimefungua sanduku. Jumamosi wakija kukichukua kitenge chako watakikuta mwilini mwangu, na mbele ya ukoo wote hakuna atakayenivua. Kama umekufa, Yaya, unisamehe kwa kukuzuia njiani. Kama uko hai, njoo univue wewe.

Niko hapa hapa nyumbani,
Mdogo wako