Daftari la Meja Manasseh

Drusilla, uko? Nimemleta mama huku Magwagwa kwa mazishi ya Meja Manasseh, mkubwa wake wa zamani kwenye kampuni ya chai.

Walikuwa wanamsifu huyo mzee utadhani malaika. Afisa wa mawasiliano jeshini tangu 1964, kazi ya redio na simu, halafu 1975 kampuni ya chai ikamchukua awe mkuu wa usalama. "Hakuna kitu kilimpita baba," mwanawe Thadeus akasema kwa maiki.

Halafu huyo mjinga akatoa daftari la kazi la babake, tuone bidii yake. AKALISOMA. Limeandikwa kijeshi: saa, nani amepiga, nani amepokea, wamesema nini.

"Tarehe 8 Machi 1977, saa nne na dakika kumi. Nereah wa ofisini ampigia dadake Syprose. Ana mimba ya miezi mitatu, hataki bosi ajue."

Nereah ni mama yangu! Ameketi kando yangu! Huyo mzee alikuwa anasikiliza simu za watu, Drusilla! Na Thadeus anatabasamu tu, hata hajaelewa amesoma nini.

Wiki hiyo hiyo mama alifutwa kazi. Mimba yenyewe ni mimi.

Mungu anisamehe, nilitaka kulitupa hilo daftari kaburini pamoja na mwenyewe.

Nikamwambia mama twende. Akakataa. Akauliza kwa sauti, mbele ya watu wote: "Kwa hivyo si Syprose aliyeniuza?"

Miaka hiyo yote hakuongea na dadake. Aprili mwaka huu tulimzika mama mdogo Syprose. Mama alikataa kuja.