Bi Tatu, Umechukua Mji Bila Jibu

Bi Tatu,

Nimekwisha kukuombea, kwa namna yangu na kwa namna yenu, kwa hiyo sasa niruhusu nikulaumu. Umechukua mji wangu na hukutoa jibu. Miaka yote tuliyokaa kwenye mkeka ule hukuwahi kumfanyia hivyo hata mtoto.

Chumba chako cha mbele kina mpangaji, fundi simu, kijana mwenye adabu. Baraza ameiacha kama ulivyoiacha, kwa sababu watoto walimwambia Jumamosi si yake. Mkeka unalala kwangu. Binti yako wa Mbweni alinipa na birika lako la tangawizi. Nimeliweka juu ya kabati la vitabu, maana tangawizi yangu inawasha tu, haina utamu wowote.

Unakumbuka tulivyoanza. Wajukuu zako walirudi shuleni wamekariri vitendawili kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha, swali na jibu, bila kucheka. Ukaniita kupitia uani: "Mzee Zakaria, njoo usikie, hawa wanalishwa maganda." Jumamosi ile ukatandika mkeka, ukawakataza vitendawili vya kwenye daftari. Atakayetega atege alichokiona mwenyewe hapa Tandika. Walitazama huku na huku mpaka Rehema, akiwa bado hana meno ya mbele, akasema: "Anakula ukutani, anafia mkononi." Simu. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Wiki iliyofuata wakaja wamejaa kama kisima cha masika. Jicho moja, likifumbuliwa ni la buluu: jiko la gesi. Mimi, niliyesahihisha miswada ya watu maisha yangu yote, kazi yangu ikawa kupima kama maneno yamekaa sawa, nao wakawa wananibishia kwa raha.

Sheria zilikuwa zako. Mkishindwa, mteguliwe, lakini kwanza mtoe mji. Aliyetega aupokee au aukatae, aseme alivyokwenda huko, alichokula, alichovaa, ndipo ataje jibu. Na asiyekuwa na jibu asitege. Ulimwondoa Hamadi kwenye mkeka akilia, siku alipotega neno la kubuni tu ili ale mji. "Huo ni wizi wa mchana," ulimwambia. "Mji wa mtu hauchezewi."

Nakuuliza basi. Ulisema au hukusema?

Mimi nilitoa miji mingi. Lindi, Tabora, Iringa, Kilwa, Bagamoyo mara zisizo na idadi. Wewe peke yako uligundua mji nisioutoa. Siku moja watoto wameshaondoka, ukanimiminia kikombe cha mwisho na kuniuliza ninakotoka kunaitwaje. Nikakwambia: Uvira. Nikakwambia tulivyovuka ziwa usiku mimi na baba mpaka Kigoma, kisha treni, na kwamba sikurudi tena. Nikakwambia la mama yangu na viboko: jinsi walivyopanda kutoka ziwani jioni kula majani, wakafika mpaka kwenye maboga yake, naye akawa anawasuta kutoka dirishani kwa majina ya mawifi zake. Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Nikakueleza kwa nini siutoi mchezoni: nilinyang'anywa mara moja, sitautoa mwenyewe kwa mchezo. Ukaweka mkono kifuani. "Umefika, Mzee Zakaria. Hautatoka hapa."

Umetoka.

Ile Jumamosi yako ya mwisho ulitega hivi: "Nikikupa ninabaki nacho, nikikunyima sote hatunacho." Watoto walishindwa. Mimi nikasema moto. Ukatikisa kichwa: ukininyima moto, wewe si unabaki unaota? Nikasema elimu. Ukasema hilo jibu la mwalimu mkuu. Tukacheka, ukadai umechoka, mji utaupokea ukirudi kutoka kwa binti yako. Kumbe ulikuwa unajua hurudi. Watoto nao walijua, kwa sababu kesho yake, mimi nikiwa kanisani, uliwakusanya. Kisha ukaenda zako. Siku ulipofariki nililetewa habari mchana, na nilipofika Mbweni walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wamebeba majembe.

Msiba ulipokwisha nilikwenda barazani kuwaambia watoto kwamba basi. Niliwakuta wamekwisha kukaa. Rehema akasimama, sasa ana meno yote na maneno mengi kuliko meno.

"Shikamoo Babu. Bibi katuachia jibu. Tupe mji."

Nikatoa Tabora. Wakaangaliana, wakakataa. Nikatoa Lindi. Nikatoa Mwanza.

"Hiyo ya watu wote," akasema Hamadi. "Bibi kasema unao wa kwako."

Niliuona mkono wako kifuani. Nikachukua kofia yangu, nikaondoka bila kuwaaga. Jumamosi kadhaa sikwenda. Niliwasikia kupitia uani, wakitegana na kuteguana, wakigombana nani kakosea. Nilikuwa nikishika kitabu na kusoma ukurasa uleule. Lile swali lako lilinikalia kama mwiba wa samaki kooni. Lilikuwa kitu chako cha mwisho, Bi Tatu, na jibu walikuwa nalo watoto.

Juzi nikaenda. Sikukaa hata mkekani. Nikasema, "Uvira."

Hawakushangilia. Rehema akavuta kanga begani kama ulivyokuwa ukivuta wewe, akaanza. "Nilikwenda Uvira. Nikapanda bodaboda mpaka ziwani, nikala chipsi mayai na dagaa." Wakacheka. Nikataka kumsahihisha kwamba kwetu huitwa ndagala, nikamwacha. "Jioni nikakuta viboko wanakula maboga ya mama yake Babu. Mama akatoa kichwa dirishani, akawaambia, nyie mawifi, kwenu hakupikwi?"

Sikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa mtu mwingine tangu mama alipoyasema. Niliyasikia Tandika, kwa mtoto aliyevaa jezi ya mpira chini ya kanga, na nilikasirika, na nilitamani aendelee. Vyote viwili. Nikakaa.

"Haya," nikasema. "Jibu."

Wakainamisha vichwa. Ni Hamadi aliyesema, tena kwa kunionea huruma: "Babu, jibu hamna. Bibi alisema hata yeye halijui. Kasema tutafute na wewe."

Hamadi. Yule yule uliyemwondoa mkekani.

Kwa hiyo ulivunja kiapo, ukavunja na sheria yako, na yote mawili uliwafundisha watoto. Sijakusamehe. Naandika hivyo ili uelewe kwamba nimepima neno. Ungeniomba mji ule ungali hai, nadhani ningekupa. Hukuniomba. Ulingoja uwe mahali nisipoweza kubishana nawe.

Wanaendelea kutafuta. Mmoja anasema hotspoti. Nikamwambia akininyima, yeye bado ana bando. Rehema anasema jibu ni mchezo, kwa kuwa ukimnyima mwenzako hamna anayecheza. Hilo limekaa sawa, nami nimemkubalia. Ninalo langu pia, lakini sikwambii. Nawe kaa na swali.

Lala salama, Bi Tatu. Jumamosi nitatandika mkeka, na tangawizi nitajaribu tena. Watoto nitawafundisha kusema ndagala, na majina ya mawifi wote, maana Rehema hakuyajua. Hayo nilikuwa sijakwambia hata wewe. Mji wangu uutunze huko. Nitakuja kuudai mwenyewe, na siku hiyo uwe na jibu.

Zakaria