Nairobi kwa Faki, Kabla ya Arusi

Jumatatu, 6 Oktoba
Faki anaoa. Mke ni Raya, binti wa jirani yangu Bi Mgeni. Posa nilipeleka mie kwa jina lake, ikakubaliwa. Leo nimemtoa mwalishi, Bi Kombo, na kanga mpya apite nyumba hadi nyumba kualika, kijiji chetu cha Pujini chote. Mwalishi akishapita, neno halirudi. Faki mwenyewe bado hajui. Nitamwambia uso kwa uso nikifika kwake Nairobi. Mtoto wangu hanikatai. Tikiti ya ndege kanikatia yeye. Nani mwengine hapa kakatiwa na mwanawe? Nakaanga pweza na maandazi ya kupeleka.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimefika. Baridi. Mtaa mzima maghorofa ya vioo, yote ya watu wa kompyuta. Ofisini kwa Faki kuna chumba cha kulala mchana, na meza ya mpira wanachezea watu wazima na ndevu zao. Kila mtu nimemwambia mie ndiye mamake. Msichana wa kazini kwao, Njeri, kanishika mkono kwenye lifti, nilikuwa naogopa kuingia. Mpole. Kala pweza, kalamba vidole.

Alhamisi, 9 Oktoba
Tumetembea tena. Jengo wanamotengeneza programu za simu. Jengine vijana wanafundishwa roboti. Njeri anatuendesha kwa gari lake, ananipiga picha mbele ya kila mlango. Zote nimezituma Pujini. Bi Mgeni kajibu: "Kwa mkwe wangu huko, jamani. Wenye wivu wanywe maji." Nimecheka peke yangu. Neno la arusi sijalitoa. Kila nikifungua mdomo, Faki ananionyesha ghorofa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimelitoa. Juu ya paa la jengo lao, wanakonywea kahawa. Faki kacheka, kisha kaacha kucheka. Akaniambia Njeri ni mkewe. Kasilimu, kaolewa, mwaka wa pili huu. Mie sikuambiwa. Nikamwambia mwalishi keshapita. Akasema, "Basi niozesheni kwa wakili, mama. Mjomba Hamad akae mahali pangu. Utapata wa kukuchotea maji. Mie siji, na Njeri asijue."
Kasema huku anatafuna andazi nililomletea. Nimemchukia mwanangu. Dakika ile tu.

Jumapili, 12 Oktoba
Nyumbani. Nimepokewa kwa vigelegele. Nimesema kazi za Faki nzito, wakubwa hawamwachii, kaweka wakili, mkewe atamchukua baadaye. Wamezidi kumsifu. Na mie nikazidi. Raya kaniuliza huko kunavaliwa nini. Sweta, nikamwambia. Kakimbilia dukani, mjini Chake, karudi nalo jekundu.
Uongo, naujua. Lakini nikisema kweli, uso nitauweka wapi? Bora aumie mtoto wa mwenzangu.

Jumanne, 14 Oktoba
Manyunyu asubuhi. Njeri kanipigia kuniuliza hali, kaniita mama. Nimemjibu vizuri. Nampenda, nifanyeje. Raya alikuwa ukumbini anapeta mchele wa karamu. Kaja bila kuitwa. Kauliza nani, nikasema wifi yako wa Nairobi. Kaniomba nimsalimie. Nimemsalimia.
Mjomba Hamad kakubali. Masufuria ya kuazima yamefika. Arusi ni Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Wote wanakuja.