Safari ya Ulaya na Miguu ya Mashemeji

Jumamosi jioni. Mvua imenyesha tangu mchana, vumbi jekundu la mtaa wetu wa Kapata limelala chini, na mimi nimekaa barazani na chai yangu, nikijisikia kama mtu aliyetua gunia la chumvi kutoka kichwani.

Ametia sinyatire.

Naandika tena ili nijiamini mwenyewe: bwana wangu, Tata Ntumba, ametia sinyatire, sahihi yake, kwenye karatasi yangu ya ruhusa leo, mbele ya dada yake mkubwa na mbele ya wote waliokuja kunihukumu, wakiwa wamekalia viti nilivyonunua mimi.

Kwa sheria ya Zaïre yetu, mwanamke mwenye bwana hapati pasipoti mpaka bwana aandike kwamba amemruhusu. Nina depo ya samaki sokoni, ninalipa patenti, leseni ya biashara, kila mwaka kwa jina langu, wafanyakazi wawili wanakula kwa jasho langu, lakini nikitaka kupanda ndege ni lazima mtu mwingine akubali. Ofisini wananiita “citoyenne”, mwananchi, kwa heshima kubwa, halafu wananiuliza, “Bwana yako iko wapi?” Nimekwisha kukasirika juu ya jambo hilo mpaka hasira imechoka yenyewe. Leo sitaki.

Leo nataka kuandika bajeti yangu upya, maana tangu katikati ya wiki nilikuwa naogopa hata kuitazama.

Tiketi ya kwenda na kurudi, zaïre 480. Hoteli ya Brisele, kule Ubelgiji, usiku kumi, chumba chenye bafu lake ndani, zaïre 14 kwa usiku: 140. Kula, 60. Koti la baridi, jipya, si lililovaliwa na mwingine, 30. Tramu na teksi, 15. Siku moja ya kwenda Paris kuangalia tu na kurudi, 25. Jumla 750. Ninazo 800. Hamsini inayobaki ni ya ugonjwa na ya ujinga, maana safari isiyo na fungu la ujinga sijaiona.

Pesa hizo zilitoka kwenye beseni moja la samaki wadogo wakavu, hawa tunaowaita fretini. Nilikuwa napanda treni mpaka Tenke, nangojea samaki wanaoshuka kutoka Bukama, nanunua kwa gunia, narudi nauza kwa kopo. Ndugu za bwana wangu wakinikuta njiani walikuwa wanaziba pua. Niliwaona. Toka beseni nikafika magunia, toka magunia nikafika nusu ya vagoni. Hakuna aliyenikopesha hata likuta moja.

Na kwa nini Ulaya? Hili nalisema hapa tu.

Miaka ile ya mwanzo ya ndoa yetu kampuni ilimpeleka Tata Ntumba Ubelgiji miezi mitatu, kujifunza mashine mpya. Alirudi na suti, na redio, na zawadi za ndugu zake. Lakini kilichonikaa mimi kichwani ni habari aliyosimulia wakati wa kula: kwamba kule hotelini ukiamka unatoka tu, unaacha shuka zimevurugika, na ukirudi unakuta kitanda kimetandikwa, taulo zimekunjwa, na hakuna anayekuuliza kitu. Alikuwa anasimulia huku anacheka. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, mikono inanuka samaki, sahani zote za mezani zikiningoja. Sikucheka. Nilianza kuweka akiba wiki ileile.

Kwa hiyo siendi kununua vitenge vya pagne vya kuuza. Siendi kumuuguza mtu wala kusoma. Naenda kulala kwenye kitanda ambacho sikukitandika. Ni hilo tu.

Sasa, kosa. Lilikuwa langu.

Huku kwetu safari haitangazwi. Mtu anaaga akiwa amekwisha kufunga sanduku. Najua hayo tangu utoto. Lakini wiki iliyokwisha benki ilikubali, baada ya kunizungusha mwaka mzima, kunibadilishia zaïre kuwa faranga za Ubelgiji, na moyo ukanijaa. Nikatia sadaka ya shukrani ndani ya bahasha, na juu yake nikaandika nia, kama tunavyofanya sote: “Kwa ajili ya safari ya Ulaya.” Nikasahau kwamba katekista wetu anasoma kila bahasha kwa sauti, jina na nia. Miaka yote nimekaa kwenye benchi lile nikisikiliza za wenzangu, huyu mtoto wake amefaulu, yule goti linamuuma. Nilisahau namna gani? Furaha inamtoboa mtu kichwa.

Jumapili akasoma. Kanisa zima likageuka. Mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Wifi yangu Yaya Kapinga, dada mkubwa wa bwana wangu (kwetu yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa), hakupiga. Alikuwa ananipima na macho toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

Jumatatu asubuhi miguu ikaanza kufika.

Mtu wa hapa hajui namba yake ya kiatu kwa hesabu ya Ulaya. Basi anavua kiatu, anakanyaga karatasi, anazungusha kalamu kuanzia kisigino mpaka vidole, anaandika jina lake katikati, anakuletea umnunulie viatu huko. Miguu ilikuja juu ya daftari za shule, juu ya karatasi za mifuko ya simenti, juu ya boksi la sabuni. Miguu ya mashemeji, ya wajukuu za mashemeji, ya jirani aliyezaliwa mtaa mmoja na shemeji. Yaya Kapinga alituma miwili, wa kulia na wa kushoto, kwa maelezo kwamba “haifanane.”

Na kila mtu na neno lilelile, pesa wakiziita bado franka: “Ni kilatu ya mutu moya tu, Mama Ntumba. Utakosa franka ya mutu moya?”

Kufika Alhamisi watu walikuwa ishirini na saba.

Nikapiga hesabu, kwa sababu nisipopiga hesabu silali. Viatu vya zaïre 6, watu 27: 162. Ndege inakubali kilo 20 bure. Nguo zangu ni 12, zinabaki 8. Viatu vya mtu mmoja ni kilo moja. Kilo 19 zinazozidi, zaïre 4 kila kilo: 76. Vyote pamoja 238. Kulala kwangu na kula kwangu kwa siku zote ni 200. Yaani miguu ya watu inakula kuliko mimi mwenyewe.

Niliweka ile hamsini. Nikafuta Paris. Nikafuta bafu, nikaandika chumba cha zaïre 8 ambacho choo chake kiko mwisho wa koridoo. Bado 103 hazionekani. Nikakaa mbele ya karatasi ile nikiona kitanda changu kinapungua mguu mmoja mmoja.

Ijumaa nikamwambia mjumbe mmoja wa miguu kwamba sitaweza. Kabla ya jua kuzama, Yaya Kapinga alikuwa ametuma neno kutoka Kasulo, mtaa wanaokaa: tunakuja kesho, na Kabeya asiguse kalamu kabla hatujafika.

Kabeya ndiye Tata Ntumba, yaani baba wa Ntumba, mtoto wetu ambaye sasa ana nyumba yake. Ile karatasi ya ruhusa ilikuwa kando ya redio yake wiki nzima, na yeye kimya. Ni mtu wa kimya, hilo nalijua, lakini kimya cha wiki hii kilinitesa. Kila asubuhi nilipitia pale nikitazama kama kuna wino. Hakuna.

Walifika leo na mvua, Yaya Kapinga na wadogo zake wawili. Nikawapa chai. Miguu yote nikaipanga mezani, ili tuongee tukiiona.

Yaya Kapinga hakugusa chai. “Mama Ntumba, Kabeya ni bwana yako. Na miye? Miye ni nani yako?”

“Bwana yangu,” nikajibu.

Kwetu Wakasai ndivyo ilivyo. Dada ya bwana ni bwana pia, na wadogo zake ni bwana wadogo. Siku za furaha tunataniana nalo. Siku za mambo mazito wanalishika kwelikweli.

“Basi miye bwana yako nasema hivi. Bulaya unaweza kuenda. Lakini muke anaenda Bulaya, anarudia mikono mutupu, batu batasema ule ni muke ya nani? Kasulo muzima batatucheka. Kama haukamate ile miguu yote, Kabeya hatatia sinyatire. Nimemaliza.”

Nilikuwa nimetayarisha maneno makali, ya pua zilizozibwa na ya beseni. Yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini neno “bwana” lilikuwa bado linazunguka sebuleni, na mimi mfanyabiashara, nikiona mzigo umewekwa vibaya naona.

Nikainuka, nikapiga magoti mbele yake, vile inavyotakiwa.

“Bwana yangu, umesema kweli. Weye ni bwana yangu, na hawa babili ni bwana yangu. Na banani hawa balileta miguu, bote ni bwana yangu. Sasa muke yenu anaenda safari ya mbali. Kwetu, muke akienda hata Tenke tu, nani anamufungia chakula ya njia?”

Shemeji Mukendi, mdogo wa mwisho, ambaye hawezi kuona mzaha ukapita peke yake, akasema, “Bwana njo anafunga.”

“Aksanti, bwana mudogo. Nilipiga hesabu, nisiwasumbue. Kila bwana zaïre kumi na mbili. Sita ya bilatu, ine ya kilo mu ndege, na mbili ya soksi, juu bilatu bipya bila soksi bitawatia bidonda.”

“Unaniomba miye franka?” Yaya Kapinga akapiga kelele.

“Siombe, bwana yangu. Muke anaomba? Muke anangojea.”

Mukendi akacheka mpaka chai ikammwagikia suruali. “Yaya, tumekamatwa! Bwana ishirini na saba, na hakuna moya ana franka!” Akatafuta mguu wake mezani, akaukunja, akautia mfukoni. “Huyu wangu arudie kwetu. Alizoea njia ya Kasulo.” Yule mdogo mwingine wa Yaya akachukua wa kwake na ya watoto wake, bila kunitazama.

Yaya Kapinga akamgeukia ndugu yake. “Kabeya! Unasikia muke yako namna anatucheka?”

Tata Ntumba akaweka kikombe chini. Akasema polepole, “Yaya, nilipoenda Bulaya, ulipata nini?”

“Pagne.”

“Moya?”

“Mbili,” akasema Yaya. “Na saa.”

“Mukendi alipata bilatu. Marehemu mama alipata koti.” Akanionyesha kwa kidole, kama vile mimi niko mbali sana. “Huyu sikumuletea kitu. Alikuwa na mimba, alinifulia suti, na hakuniuliza.”

Sikujua kwamba anakumbuka. Miaka yote hii nimebeba jambo hilo peke yangu, nikidhani yeye amelisahau, na kwa kusahau kwake ndiko nilikokuwa nimemkasirikia zaidi.

Akainuka akachukua karatasi kando ya redio. Kalamu ya kwanza ilikuwa kavu. Akaitikisa, akaipulizia, akatupa. Mukendi akampa yake. Akaandika jina lake lote refu, lile la Kizungu la zamani na lile la Kiafrika tuliloamriwa na serikali siku za authenticité, akapiga mstari chini.

Yaya Kapinga akakunja miguu yake miwili, wa kulia na wa kushoto, akaitia kwenye sakosi yake ya mkononi. Sikumwonea uchungu, lakini sikumfurahia pia. Nikamsindikiza na mwavuli mpaka njiani, kama mke anavyopaswa. Pale barabarani akasimama.

“Ile hoteli,” akasema, “banasema banatoa sabuni mudogo mudogo, mu karatasi.”

“Banatoa.”

“Sabuni haiko nzito.”

“Hapana, Yaya. Haiko nzito.”

Nimeandika: sabuni, bure, uzito gramu chache. Na ikiwa watatoa kila siku, ni zake zote.

Kwa hiyo bajeti imerudi 750. Paris imerudi. Bafu limerudi, nalo ndilo nililolirudisha la kwanza. Hamsini iko palepale. Miguu iliyobaki mezani nitaituma kesho kwa wenyewe na salamu na bei, kumi na mbili kwa mtu, na sitegemei kupata jibu hata moja.

Wageni walipoondoka, Tata Ntumba alibaki ameketi, akisikiliza redio ambayo haikuwa imewashwa. Mwishowe akaniuliza habari za ugali, macho yake dirishani:

“Bukari. Unachemusha maji mbele, ao unatia bunga mbele?”

“Maji.”

Akatikisa kichwa, kama fundi anayeelezwa mashine ya kigeni. “Na unajua namna gani kama imeiva?”

Mikono yangu inajua. Mimi sijawahi kuulizwa. Nimehesabu tiketi, koti, tramu na ujinga, lakini huyu mtu, peke yake jikoni siku zote hizo, sikumweka popote.

Jumatatu mapema niko kwenye ofisi ya komini kutafutia ile karatasi muhuri, kabla mtu hajabadilisha mawazo. Lakini kesho, tukitoka misa, namfunga kitambaa kiunoni na kumpa mwiko. Afadhali aunguze nikiwepo.