Besi Yako Haikuwepo Ghalani

Baba,

Shikamoo. Naandika nimesimama, karatasi juu ya kabati la vyombo, maana tangu jana mchana sijaweza kukaa. Mama amenikaripia hadi amechoka.

Desemba imewaleta wote nyumbani, magari ya Dar yamejaa njiani mpaka ng'ombe hawana pa kupita. Jambo jipya ni lile ghala la kahawa chini ya kanisa, ulikokuwa ukipeleka magunia. Vijana wamelisafisha, wamepanga marobota ya majani makavu yawe viti, na kila Jumamosi ya kiangazi hiki watu wanapiga muziki humo kwa mikono na midomo yao. Ungecheka: tunalipa kiingilio ili tukalie chakula cha ng'ombe.

Jana nilikwenda. Nilitaka kufurahi, Baba. Tangu tukuzike wakati wa masika nimechoka kuonewa huruma. Walianza vijana wa magitaa kutoka Kiboriloni, na miguu yangu ikaanza kucheza yenyewe. Ghala bado linanuka kahawa, kama shati lako la kazi. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Shangazi akadhani nalia, akanipa leso. Kumbe nilikuwa najizuia nisicheze, na Mama bado amevaa nyeusi.

Kisha wakaingia wenzako wa tarumbeta za kanisani, Mzee Elinami akiwaongoza. Nafasi yako, nyuma kushoto, waliiacha wazi. Wakapiga ule wimbo wenu wa mavuno. Walianza vizuri, lakini bila besi yako, ile tarumbeta kubwa ya sauti nzito, hakukuwa na wa kuwazuia. Ubeti wa pili wakawa mbio, wa tatu wakateremka kama lori lililokatika breki. Na watu wakashangilia! Walidhani ndivyo unavyopigwa! Nikatoka, nikazunguka ghala, nikarudi, nikatoka tena. Nilikuwa na hasira na sikujua namkasirikia nani.

"Vuta pumzi kwanza, haraka ya nini?" Ndivyo ulivyokuwa ukiniambia nyuma ya zizi uliponifundisha kupuliza, siku ile ng'ombe mweupe alipozuia maziwa na Mama akaninunia mimi badala yako.

Mzee Elinami alinifuata nje. Hakunipa pole. Aliniomba nishike besi yako Pasaka alfajiri, wanapopita kihamba kwa kihamba, kwenye shamba la migomba la kila ukoo, kuwapigia marehemu makaburini. Nilimjibu kwamba Mama hataki itoke ndani. Unajua iko wapi? Kitandani, upande wako, imefunikwa blanketi lako. Siku moja niliigusa tu, akanifukuza chumbani. Sikumlaumu. Kitanda kile ni kikubwa kwa mtu mmoja.

Leo asubuhi nilimkuta Mama anamenya ndizi, nikashindwa kunyamaza. Nilimwimbia wimbo wote kwa ile kasi ya jana, huku napiga meza. Hakucheka. Aliweka kisu chini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikajua nimeharibu.

Alitoka ameibeba kifuani kwa mikono miwili. Inang'aa, Baba. Kumbe amekuwa akiifuta muda wote huu. Akaniwekea mikononi, akanibembeleza, "Mae, mwanangu, nenda kawashike hao, wasije wakaanguka."

Nimelia hapo hapo, mbele ya ndizi. Halafu nimekwenda nyuma ya zizi kujaribu. Imetoka sauti mbaya sana, na ng'ombe amenigeukia. Nitajaribu tena jioni, na kesho, hadi midomo ipate nguvu.

Mama ameniuliza, bila kunitazama, kama leo nitalala naye, maana upande wako sasa uko wazi. Nitalala naye.

Basi pumzika, Baba yangu. Pasaka alfajiri ukisikia hatua zetu kwenye migomba, sikiliza nyuma kushoto. Sitawaacha wakimbie. Nitavuta pumzi kwanza.

Binti yako